Lugha ya Watu Watatu

Mwezi uliopita nilikwenda Njiru kumwona mtoto wa mdogo wangu. Nilibeba ndizi mbivu na blanketi dogo la manjano, nikapanda ngazi hadi orofa ya tatu nikihema. Mdogo wangu alinifungulia mlango akiwa amempakata mtoto, na kabla sijavua viatu akaniambia, "Dada, kaa hapo kwanza, nikuonyeshe kitu."

Akamketisha mtoto kwenye mkeka. Akainua mkono wake mbele ya uso wa mtoto, akafumba ngumi, akaifumbua, akaifumba tena. Mtoto alimtazama kwa makini kama mtu anayesoma. Kisha akainua kangumi kake, akakafumba na kukafumbua.

"Umeona? Ameomba maziwa!" Mdogo wangu alicheka hadi machozi yakamtoka. "Miezi tisa tu, na ananiambia anachotaka."

Alikuwa amejifunza kwenye simu. Kuna video huko, akaniambia, zinazofundisha wazazi kuzungumza na watoto kwa mikono kabla midomo yao haijawa tayari. Mtoto analia kidogo, mama anapumua, na wala mtoto hachelewi kusema, kinyume na watu wanavyodhani. "Ni mambo ya siku hizi, dada. Sisi hatukuwa nayo."

Nikainua kikombe cha chai nikanywa, ingawa ilikuwa bado inaunguza. Sisi tulikuwa nayo. Yeye mwenyewe alizungumza kwa mikono kabla hajatamka neno lolote duniani, na mtu aliyemfundisha hakuwahi kushika simu. Lakini yeye hakumbuki. Anayekumbuka ni mimi peke yangu, na ndiyo maana nakusimulia wewe, rafiki yangu, jinsi ilivyokuwa.

Tulikuwa tukiishi Shauri Moyo, katika nyumba ya kanjo, yaani ya halmashauri ya jiji, ya vyumba viwili. Kama hujawahi kuishi pale, jambo la kwanza ambalo ungelisikia ni kelele. Kuanzia asubuhi mafundi wa mabati kule Kamukunji walikuwa wakigonga masanduku na majiko, ko-ko-ko, mpaka jua linazama. Adhana ilitoka upande wa Majengo, nyimbo za kwaya zikatoka kwa redio ya jirani, watoto wakapiga mayowe uani, na mfereji wa pamoja ulikuwa na ndoo zake na ugomvi wake. Ili kusikika ilibidi upaze sauti. Mimi nilikuwa na sauti ndogo. Nadhani nilikua nikiamini kwamba watu wenye sauti ndogo hawakuumbiwa Nairobi.

Baba alikuwa mchongaji wa vinyago. Kila siku alitembea hadi Pumwani, kwenye banda alilochangia na wachongaji wenzake kutoka kwetu Ukambani, akachonga twiga na vifaru vya kuuzwa kwa watalii. Mama alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini. Mdogo wangu alizaliwa nikiwa na miaka saba, na miezi mitatu baadaye Mama alitakiwa kurudi kazini. Baba akasafiri Ijumaa moja, na Jumapili akarudi na dada yake mdogo. Huyo ndiye shangazi yangu.

Shangazi hakuwa akisikia. Nyanya alisema aliugua homa kali alipokuwa mchanga, homa ikaondoka na masikio yake. Hakupelekwa shule. Lugha yake aliitunga yeye mwenyewe pamoja na nyanya, pale nyumbani kati ya mbuzi na mashamba, na Baba, aliyeondoka kwao mapema kuja kutafuta kazi, alijua maneno machache tu ya lugha hiyo, kama vile chakula, njoo na lala.

Mimi niliijua kwa muda usiozidi mwezi mmoja. Sijui kueleza jinsi mtoto anavyojifunza kitu kama hicho. Siku ya kwanza nilimwona Shangazi akikamua hewa kwa vidole viwili, nikajua ni chuchu ya mbuzi, kwa hiyo ni maziwa. Maji yalikuwa kiganja kilichokunjwa, kinachochota kutoka chini, kwa sababu kwao maji huchotwa kwenye mchanga wa mto uliokauka. Baba alikuwa kusugua msasa. Mama alikuwa kuvuta kamba ya mkoba begani. Yule mama jirani mwenye redio alikuwa vidole vinne vinavyopigana na dole gumba bila kupumzika, na kila Shangazi alipomtaja hivyo nilicheka mpaka nikashika mbavu. Maumivu yalikuwa ngumi mbili zinazokamua nguo iliyoloa. Ukitaka kusema tumbo linauma, unakamulia tumboni. Kichwa, unakamulia kichwani.

Nilipotoka shule nilimkuta ameketi kwenye kizingiti, mdogo wangu kafungwa mgongoni, akipiga msasa vinyago ambavyo Baba alivileta nyumbani vikiwa bado na mikwaruzo ya patasi. Unga wa mti ulikuwa umemjaa kwenye nyusi. Ndani muthokoi ulikuwa ukichemka polepole, ule ugali wetu usio ugali, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na harufu yake ilinipokea kuanzia kwenye kona ya choo cha pamoja. Nilitupa mkoba, nikakaa mbele yake, nikamweleza siku yangu yote. Mwalimu alinipiga kwa rula. Msichana fulani ametapika darasani. Nimeona punda ameanguka barabarani. Shangazi aliuliza maswali. Punda wa rangi gani? Aliinuka? Nani alimwinua? Hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kutaka kujua habari ya punda wangu mpaka mwisho.

Mdogo wangu aliona yote hayo akiwa mgongoni, akichungulia juu ya bega. Kabla hajaweza hata kusimama, asubuhi moja bakuli la uji likiwa tupu, alikusanya vidole vyake akagonga kiganja. Ongeza. Shangazi alinigeukia macho yakiwa yamemtoka, kisha akambeba mtoto juu, akazunguka naye chumba kizima. Alitoa sauti, ile sauti yake nzito ambayo kwa kawaida aliificha kwa sababu ya watu. Tangu siku hiyo tulikuwa watatu.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayejua maneno thelathini au arobaini ni kiumbe wa ajabu. Aliniambia paka amekuja. Aliniambia uji ni moto. Usiku, taa ikiwa bado inawaka, aliniambia Shangazi analala, nyamaza. Yote bila sauti. Wengine ndani ya nyumba walipita kati yetu kama watu wanaopita katikati ya mazungumzo bila kujua yapo.

Nje haikuwa hivyo. Watoto wa uani walimwiga Shangazi kwa kupinda midomo na kurusha mikono ovyo. "Niaje, bubu?" waliniuliza nikipita. "Buda, huyu naye ni bubu ama anajifanya?" Nikaanza kuweka mikono mfukoni nikiwa nje. Shangazi akiniita kutoka mlangoni kwa kupunga, nilijifanya sijamwona. Naandika jambo hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yaliyofuata yalianzia hapo.

Mdogo wangu alifika miaka miwili hajasema neno. Akaipita kwa miezi kadhaa. Alisikia vizuri, ukiangusha kifuniko alishtuka, lakini mdomo wake haukuwa na haraka. Jioni moja yule mama jirani aliingia kwetu kuomba chumvi, akamwona mtoto akizungumza na Shangazi. Akasimama na kijiko chake mkononi.

"Mama, nikwambie kitu bila kukukasirisha? Huyu mtoto wako anaiga ububu. Ukimwacha hivyo, utakuwa na wawili."

 Nilimwona Mama uso. Mama hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alikuwa amemwona Shangazi akichekwa sokoni, akipunjwa, akizungumziwa mbele yake kana kwamba ni kiti. Alimwangalia binti yake akaogopa.

Baada ya chakula alimwambia Baba, "Mtoto hasemi kwa sababu hakuna anayesema naye. Mchana kutwa ni mikono, mikono."

"Atasema," Baba akasema. "Hata mimi nilichelewa."

"Ulichelewa mpaka lini? Mpaka miaka mitano? Akienda shule watamweka wapi?"

"Sasa nimfanyeje dada yangu?"

"Mrudishe nyumbani kwa mama yako. Simfukuzi. Namwombea mtoto wangu."

Shangazi alikuwa palepale, akikoroga uji wa kesho. Alitazama midomo yao, akanitazama mimi. Wamesema nini? Nikasema, mambo ya kazi.

Siku tatu zilipita. Siku ya nne aliniita. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akiizungusha. "Mwambie shangazi yako kwamba kesho tunasafiri. Mimi siwezi kumweleza vizuri. Wewe unajua."

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikwenda kwenye kizingiti nikakaa mahali pangu. Nikamwambia kesho, wewe na Baba, safari, nyumbani. Akafurahi. Akauliza kama nyanya ni mgonjwa. Nikasema hapana. Akauliza watarudi lini, akiwa ameshaanza kuhesabu siku kwa vidole. Nikamwambia Baba atarudi.

Akaacha kuhesabu. Akauliza amekosa nini.

Katika lugha yetu hapakuwa na neno la "kwa sababu". Hatukuwahi kulihitaji. Nikamwonyesha mtoto, nikagusa mdomo, nikafungua mkono mtupu. Nikavuta kamba ya mkoba begani. Mtoto, mdomo, hakuna, Mama. Alinitazama mikono muda mrefu baada ya mimi kuishusha. Kisha akainuka, akafua nguo zote za mtoto, hata zilizokuwa safi, akazianika, na zilipokauka akazikunja moja moja akazipanga kitandani kwa ukubwa.

Asubuhi aliondoka na Baba huku mdogo wangu amelala. Mama alitaka iwe hivyo.

Sheria mpya ilikuwa moja. Hakuna mikono. Mtoto akiomba kwa mikono, asijibiwe mpaka afungue mdomo. Mimi pia nilikatazwa. Mama aliponikuta nikimjibu mdogo wangu chini ya meza, aliniambia, "Kalia mikono yako," na tangu siku hiyo nilikula nikiwa nimekalia mkono mmoja, kiganja kikiwa kimebanwa na kiti mpaka kikafa ganzi.

Mdogo wangu aliuliza. Mchana alilelewa na mama mmoja aliyekaa na watoto kadhaa nyumbani kwake, na jioni akirudishwa alikwenda moja kwa moja mlangoni, akageuka, akaniuliza kwa mikono Shangazi yuko wapi. Mama akiwepo, nilitazama pembeni. Akafikiri sijaona. Akaja karibu, akanishika kidevu, akanigeuza uso, akauliza tena.

Jumamosi moja aliamka na homa. Alikataa uji, akakataa maziwa, akalia kilio cha kukatika-katika. Mama alimpakata, akampapasa ufizi kwa kidole. "Ni meno haya ya nyuma." Mimi nilikuwa nikiosha vyombo. Mdogo wangu alinitafuta kwa macho, akazipeleka ngumi zake mbili kwenye sikio la kushoto, akazikamua. Akanitazama. Akazikamua tena.

Mama akanigeukia. "Anafanya nini huyo?"

Ningejibu, angejua kwamba bado naielewa ile lugha, na labda naitumia kwa siri. Kwa kweli nilikuwa naitumia.

"Anacheza tu," nikasema.

Alicheza hivyo Jumamosi yote. Jumapili alicheza mara chache, na kila mara alinitazama mimi, hakumtazama Mama. Usiku alilala akiwa ameacha kunitazama. Jumatatu alfajiri mto wake ulikuwa umeloa usaha. Baba alimbeba hadi kliniki bila kuvaa soksi. Nilisimama nyuma ya sketi ya Mama nikamsikia daktari akisema ngoma ya sikio imepasuka, kwamba hata siku moja mapema ingesaidia. Hakuwa akimlaumu mtu. Alisema huku akiandika.

Mama alilia njiani. "Ningejuaje? Hasemi. Ningejuaje mimi?" Nami nilitembea kando yake, mikono mfukoni.

Alipona. Ila sikio la kushoto halikurudi kama zamani, na hadi leo mdogo wangu ukizungumza naye hugeuza kichwa kidogo akupe lile la kulia. Watu hudhani ni madaha.

Wiki chache baadaye alisema neno lake la kwanza. Paka wa jirani aliingia akanusa sufuria, mdogo wangu akamwambia, wazi kabisa, "Toka!" Mama alipiga magoti pale pale sakafuni akamkumbatia. Baada ya neno hilo yakaja mengine, na kabla ya Krismasi alikuwa akiongea kuliko redio ya jirani. Mikono yake ilianguka pembeni, ikawa mikono kama ya watu wengine. Siku moja nyumba ikiwa tupu nilimuuliza kwa mikono, maziwa? Akanitazama, akauliza kwa sauti, "Unafanya nini?"

Nilijua wakati huo kwamba nimebaki na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, na yuko mbali.

Tulikwenda kumtembelea nikiwa na miaka kumi na minne. Shangazi alikuwa amenenepa kidogo, nywele zimeanza mvi mbele. Alimwendea mdogo wangu kwanza, akachuchumaa, akamwambia maneno mengi kwa haraka, maneno ya miaka mitano yote. Mdogo wangu akarudi nyuma, akanishika gauni. "Anasemaje?" Nikamtafsiria. Amesema umekuwa mrefu. Amesema alikuona ukiota meno. Shangazi alitutazama, akanitazama mimi nikisema kwa mdomo yale aliyoyasema kwa mikono, akaelewa. Hakulia. Alikwenda kumkamulia mgeni wake maziwa.

Sikumwambia habari ya sikio. Nilikwenda kila likizo nilipoweza, baadaye kila mwaka, baadaye si kila mwaka. Tulikaa nje ya nyumba ya nyanya tukizungumza mpaka giza lilipotuzuia. Nyanya alipokufa, Shangazi aliniambia kwamba sasa nikiondoka mikono yake inapumzika mpaka nitakaporudi. Nami nilirudi mjini, kwenye kazi na foleni na simu, nikaiacha ipumzike.

Alifariki miaka mitatu iliyopita. Kwenye mazishi mhubiri alisema marehemu alikuwa mtu mkimya aliyeishi maisha ya ukimya, na watu wakaitikia amina. Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu wa kumkonyeza, mtu anayejua kwamba mwanamke huyu alikuwa msemaji na mmbea na mchokozi, kwamba aliweza kumwiga mhubiri yeyote mpaka ukalia kwa kicheko. Hapakuwa na mtu. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno mia mbili au tatu ambayo hakuna binadamu mwingine anayeyaelewa.

Shauri Moyo bado ipo, lakini wenye nyumba yetu ni wengine, na mahali pa kizingiti wameweka geti la chuma. Hata kelele za mabati naona zimebadilika, au ni mimi.

Basi siku ile kule Njiru, mtoto alipolala, nilimweleza mdogo wangu. Nilimweleza yote, pamoja na Jumamosi ile na neno nililomjibu Mama. Alisikiliza akiwa amenigeuzia sikio lake la kulia. Nilipomaliza alimtazama mtoto wake kwenye mkeka.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Tisa," akasema. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alichukua vikombe akavipeleka jikoni, akakaa huko muda. Aliporudi aliketi karibu yangu zaidi.

"Alikuwa akiniitaje?"

Nikamwonyesha. Kiganja kinachoteremka mgongoni kutoka begani, kama mtu anayempapasa mtoto aliyembeba. Alijaribu, akatabasamu.

"Na wewe?"

Mimi nilipewa jina nikiwa na miaka saba, siku alipofika kutoka Ukambani akanikuta nimeng'oka meno mawili ya mbele. Kidole cha shahada kilichokunjwa, kinachopita haraka kwenye meno ya juu, kisha kinachungulia upande kama kitu kinachotoka dirishani. Meno yaliota, nikamaliza shule, nikaanza kazi, na yeye aliendelea kuniita hivyo hadi mara ya mwisho nilipomwona. Nililifanya mara moja, polepole.

Mdogo wangu alinyoosha kidole, akakigusisha mdomoni, akakishusha. Kuchungulia kulikosekana, na kidole hakikukunjwa.

"Hivi?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Hivyo hivyo."